Waliosalia Mlangoni

Jambo hili nimelikana mbele ya mume wangu, mbele ya mama yangu, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa watu waliovaa suti, kwa hiyo acha nilitoe mapema kabla akili hazijanirudi. Swali lililonipa cheo benki si langu. Nililichukua kwa mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mstaafu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Amu, yaani Lamu, ambaye baada ya kustaafu kazi yake ikawa kuwaambia watu wapike mchele kiasi gani arusini. Nimemwonea wivu tangu nilipokuwa darasa la sita. Hilo nalo nililikana.

Mtaa mzima humwita Mwalimu, kana kwamba kisiwani hakuna mwengine. Nami nitamwita hivyo hivyo. Walimu wengine tunao, tena wenye digrii, lakini ukisema "nenda kamuulize Mwalimu" hata punda hujua aelekee mlango gani.

Kazi yake ya mchele nianze nayo, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu arusi haina kadi za kuhesabu. Unaalika mtaa, mtaa unaalika jamaa zake, na jamaa za kisiwa cha Pate, ng'ambo ya maji, hujialika wenyewe kwa sababu damu ni damu. Chakula kikibaki, ni sadaka. Kikipunguka, utasikia habari hiyo mpaka wajukuu zako waolewe. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya arusi, mama wa bibi arusi huenda kwa Mwalimu na kifurushi cha sukari, akakaa kwenye mkeka, akaulizwa swali ambalo halimhusu kabisa.

"Niambie arusi ya kwenu ilowapungukia."

"Haijatupungukia, Mwalimu, alhamdulillahi."

"Basi ya jirani. Siku sufuria zilipokwisha, walisalia wangapi mlangoni?"

Hakutaka kujua wangapi huja kwa kawaida. Alikuwa na daftari moja la mistari, jalada la buluu, na ndani yake ziliandikwa arusi zilizopungukiwa tu. Tarehe, nyumba, masinia yaliyopikwa, kisha safu ya "waliosalia", kisha safu ya mwisho, "sababu", ambayo aliijaza kwa neno moja. Mvua. Msiba. Moto. Mara moja, kwa arusi ya tajiri mmoja ambaye sitamtaja, aliandika Ubahili. Nilimuuliza kwa nini haandiki arusi zilizokwenda vyema, ambazo ndizo nyingi.

"Ilotosha imetosha," alisema. "Itanifunza nini?"

Alizijumlisha zile mbaya peke yake, akatafuta wastani wa waliosalia, akaangalia ile mbaya kuliko zote, akakuongezea masinia. Halafu, na hapa ndipo wengi walipokosa subira wakaanza kutafuta viatu vyao, alikuuliza, "Na zikipita hizo?" Hukutoka kwake mpaka uwe na jibu. Unga wa mikate kwa jirani, tende kwenye pipa, chochote. "Ile kubwa kuliko zote haiyaya bado," aliwaambia, yaani haijaja, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kuzima jiko.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mwanamke huyu aliyejua mchele wa watu mia saba hakujua kupika mchele wa watu wawili. Wake ulikuwa ama uji ama ukoko. Aliiba karata. Kila Ijumaa baada ya alasiri alicheza na mama yangu barazani na kila Ijumaa alificha karata chini ya buibui, na mama aliona, na mama alinyamaza. Mimi nilipoiba karata moja nikiwa na miaka minane nilichapwa. Kuhusu umri wake, amekuwa na sitini na minane kwa miaka sita sasa. Alijivunia mwandiko wake kama wengine wanavyojivunia dhahabu. Hata saini ya risiti ya mafuta ya taa aliiandika polepole, kila herufi na mkia wake, huku muuzaji akimsubiri na foleni ikirefuka nyuma yake.

Na hakuwa na hofu yoyote kwa nafsi yake. Alipanda boti za kwenda Manda zilizojaa mpaka ukingo ukagusa maji, na boya alilikalia ili buibui lisilowe. Mlango wake haukuwa na komeo. Siku moja nilimwambia, kwa ile sauti tunayorudi nayo kutoka Nairobi, kwamba mtu anayepima hatari za wengine hivi afaa ajipime mwenyewe.

"Mimi nikikosea naumia peke yangu," akanijibu. "Arusi ni ya watu."

Nilitamani sana niwe nimeisema mimi. Mambo mengi aliyoyasema niliyapokea hivyo hivyo: kwanza nilikasirika, kisha nikaenda kuyaandika mahali.

Chanzo cha wivu ni mama yangu. Baba aliuza shamba la minazi la Pate ili nisome, nami nikasoma, nikapata shahada ya kwanza na ya pili, zote mbili za hesabu za fedha, na picha ya mahafali ikatundikwa sebuleni. Lakini mama, kama alivyofanya tangu nikiwa darasa la sita, alipotaka kujua jambo lolote lenye nambari, bei ya saruji, zamu za maji, umri wa mbuzi, alijifunga leso akaenda kwa jirani. Nami nikiwa nimekaa hapo hapo, chini ya picha yangu.

"Mama, si uniulize mimi?"

"Wewe pumzika, mwanangu. Umesoma sana."

Kwa hiyo nilipoolewa niliamua kuwa arusi hiyo nitaikadiria mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kompyuta. Nilichukua orodha, nikakadiria kwa kila mtu uwezekano wa kuja, nikajumlisha, nikaongeza kidogo kwa usalama, nikapata masinia mia moja na ishirini, watu watano kila sinia. Mama alimpelekea Mwalimu karatasi yangu. Ikarudi na wino mwekundu: *Ongeza kumi.* Chini yake swali: *Watu wa Pate umewahesabu vipi?*

Niliwahesabu kama watu wengine, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake ya kuja au kutokuja. Baba, ambaye bado alikuwa anaukumbuka mnazi mmoja mmoja wa shamba lile, alisema, "Tulimsomesha ya nini, kama tutarudi kuuliza mlango wa pili?" Tukapika mia na ishirini.

Mwenye kujua Pate ameshacheka. Mtu wa Pate haji Amu mmoja mmoja. Anakuja kwa mashua, na mashua hupita mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakijaa tu. Maji yakikosekana hakuna anayefika. Yakija, wanafika wote. Siku hiyo maji yalichelewa, mashua tatu zikasubiriana mkandani, na baada ya alasiri, wapishi wakiwa wamekwisha kuparuza ukoko, wanawake arobaini na mmoja waliingia kichochoroni kwetu kwa vigelegele, wamejifukiza udi, wana njaa.

Kumbukumbu yangu ya arusi yangu ni hiyo: mimi juu ya kiti na hina mpaka kiwiko, na Mwalimu mlangoni, amevaa kanzu yake mpya, akipokea mikate kutoka nyumba hadi nyumba na kuwapa watu wa baba yangu, huku akisema kwa sauti ya furaha, "Karibuni, karibuni, hii ndiyo arusi, watu hawaishi!" Aliiokoa heshima yetu, wala hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitazama.

Miaka mingi baadaye nilifungua lile daftari alipotoka kuswali. Arusi yangu imo. Masinia mia na ishirini, waliosalia arobaini na mmoja, sababu: Mkanda. Niliikodolea macho safu ile ya mwisho. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Mkanda umekuwa pale tangu dunia iumbwe na haukuwa na kosa lolote. Alinistahi, akanisitiri. Kustahiwa na mtu unayemwonea wivu ni jambo zito kulibeba.

Sasa kazi yangu. Benki ina hisa na hati fungani, na bei zake hupanda na kushuka. Mimi ni katika wale waliolipwa kusema, kila jioni, siku mbaya itatuumiza kiasi gani. Tulikuwa na nambari moja tukiiita mstari. Siku tisini na tisa kati ya mia, hasara haitauvuka. Wakubwa waliipenda nambari hiyo kwa sababu ilikaa vizuri kwenye karatasi. Nilipokuja likizo nilimweleza Mwalimu kwa fahari, nikachora na mkaa sakafuni jikoni mwake.

"Siku tisini na tisa haipiti hapa," alirudia.

"Ndiyo."

"Na ya mia?"

"Inapita."

"Ipite ifike wapi?"

"Mstari hausemi, Mwalimu. Mstari unaonyesha mpaka tu."

Aliutazama mkaa wangu. "Basi hiyo si hesabu, mwanangu. Hiyo ni dua." Akaweka chai, mbaya kama kawaida. Kisha akauliza kitu ambacho sijakisahau. "Hizo kampuni mlizonunua, wasema ni nyingi ndiyo salama. Zimepanda mashua ngapi?"

Niseme ukweli wote: jibu la swali lake la kwanza lilikuwamo katika vitabu vyangu. Kuna hesabu ya kupima, ukishavuka mstari, kwa wastani unaumia kiasi gani, na kuna hesabu ya kuangalia vitu vinavyotembea mbalimbali siku za kawaida lakini huanguka pamoja siku mbaya. Nilizisoma, nikafanya mtihani, nikafaulu. Nilizielewa jikoni mwake, nimechutama, na masizi kidoleni.

Nilirudi Nairobi nikauliza maswali yale mawili kwenye mkutano. Wakubwa wakaacha simu zao wakashika kalamu, dalili inayotangulia kupandishwa cheo. Tulianza kupima waliosalia mlangoni badala ya mlango, ingawa huko sikutumia maneno hayo. Wala mashua sikuitaja. Nilisema mabasi. "Kampuni zetu zimepanda mabasi mangapi?" Mashua ingeulizwa imetoka wapi; basi halina kwao. Baadaye nilialikwa kuzungumza ukumbini, na kijana mmoja wa mbele akauliza mfano ule mzuri niliupata wapi. "Kwa kusoma," nikamjibu. Mdogo wangu wa mwisho, aliyeona kwenye simu, alinipigia siku hiyo hiyo. "Dada, hiyo si ya Mwalimu?" Nikamwambia asiseme upuuzi.

Laiti ingeishia hapo, ningekuwa mwizi wa mfano tu.

Mtaani kuna chama cha wanawake ishirini na wawili: walimu, washonaji kofia, wauza mahamri, mama yangu, Mwalimu. Kwa miaka waliweka akiba, na kwa ushauri wangu wakanunua hisa za kampuni sita. Lengo lilikuwa moja. Wanawake wa Pate na visiwa vya kaskazini wakikaribia kujifungua huja Amu kuwa karibu na hospitali, na asiye na jamaa hulala popote anapostahimiliwa. Chama kilitaka kununua nyumba moja ya mawe mtaa wa Mkomani, yenye kisima na nafasi ya vitanda kumi, wapate pa kungojea. Mwenye nyumba alikubali bei akatupa miezi mitatu, mpaka Idi. Akasema wazi kwamba baada ya hapo kuna mgeni mwenye hoteli upande wa Ras Kitau anayeitaka pia.

Hisa zetu wakati huo zilitosha bei ya nyumba na baki kidogo. Tulikutana kwa mama. Mwalimu alisema tuuze leo, fedha zilale benki hata kama hazizai. Mimi nilisema tungoje: gawio la faida lilikuwa karibu, lingetununulia vitanda vyote kumi na magodoro. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha hasara isiyozidi hapa, siku tisini na tisa kati ya mia. Mstari ule ule. Ule ambao benki nilikuwa nimeshawakataza kuuamini.

Mwalimu alisogea mbele, miwani puani. "Kampuni sita," alisema. "Mashua ngapi?"

Jibu nililijua. Nilikuwa na jedwali lake ofisini, nimelitengeneza kwa mkono wangu: kampuni zile sita zilipanda mashua mbili, na ukizibana sana, moja. Lakini kulisema pale, kwa mama yangu, chini ya picha ya mahafali, kulikuwa ni kusema swali ni zuri. Na kusema swali ni zuri kungefuatwa na swali la pili, limetoka wapi.

"Mwalimu," nikasema, "hisa si pilau."

Walicheka. Muuza mahamri alipiga paja lake. "Leo Mwalimu kapata mwalimu!"

Tukapiga kura. Mama aliinua mkono upande wangu, mara ya kwanza maishani mwake, akinitazama kwa fahari niliyoisubiri miaka arobaini. Nimeshaapa kusema kweli: siku ile ilikuwa tamu. Mwalimu aliinua mkono wake peke yake upande wa pili, akaangalia kushoto na kulia kama anayehesabu darasa.

"Haya, mimi ni moya," alisema. "Mleteeni chai msomi wetu."

Mwezi wa pili wa ile mitatu soko lilianguka. Kampuni zote sita, wiki moja. Hasara ya chama ilipita mstari wangu mara tatu. Benki yetu iliumia kidogo tu, kwa sababu ya jedwali la mabasi, na mkubwa wangu alikuja mezani kwangu na keki. Niliila keki ile. Kisha nikaingia chooni nikampigia dalali, nikamwambia auze kiwanja changu cha nje ya mji, haraka, kwa bei yoyote ya kibinadamu. Lakini Amu sikupiga. Siku nne simu ya mama ililia nami nikaiacha ilie.

Siku ya tano, asubuhi, nikiwa nafunga kiatu niende kazini, alipiga Mwalimu mwenyewe. Hajawahi kunipigia. Anaamini simu hula mboni za macho.

"Asalaam alaikum, mwanangu. Umeamkaje?"

"Wa alaikum salaam, Mwalimu. Shikamoo. Nilikuwa nikupigie."

"Marahaba. Mdogo wako kanionyesha video yako ya ukumbini. Umesema vyema, na hiyo kanzu imekupendeza. Lakini mabasi?"

"Mwalimu..."

"Basi likiyaa huya jingine nyuma yake. Watu hawakai stendi wote kungoya mai ya Mkanda. Mfano mzima umeuharibu. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa nusu."

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja. "Ulikuwa wako, Mwalimu."

"Najua ni wangu. Sikuulizi ni wa nani, nakuuliza kwa nini umeuharibu." Nikasikia mkeka, na kurasa za daftari zikifunuliwa. "Na sisi, mwanangu? Hata hayo mabasi hukutupa."

Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa siku nne. Yalihusu soko, na dunia, na mambo yasiyotabirika. Niliyaacha yote.

"Kiwanja changu kimepata mnunuzi," nilisema. "Fedha zitafika kabla ya Idi. Nyumba itanunuliwa."

"Na vitanda?"

"Havitatosha vyote. Vitapatikana sita."

"Sita katika kumi."

"Ndiyo."

"Basi wanasalia wane."

"Wanne, Mwalimu."

Kalamu ikaandika. Aliitaka tarehe nikampa. Aliuliza nyumba ya nani, nikasema yetu, akaandika hilo pia. Kisha kalamu ikatulia.

"Sababu?"

Angeweza kuandika Soko, na hakuna mtu mtaani ambaye angeuliza. Nilijua kwamba nikinyamaza kidogo ndivyo atakavyoandika, na atanistahi tena, na nitalibeba hilo nalo.

"Andika Wivu," nikasema.

"Sema kwa sauti, mstari wa simu ni mbaya."

"Wivu, Mwalimu. Wangu mimi, kwako wewe."

Nilisikia kalamu ikishuka kwenye karatasi. Ni neno la herufi nne tu, lakini yeye na mwandiko wake hana haraka, nami nikashika simu nikangoja amalize.